Pombe, Dawa na Mimba Changa: Mwongozo kwa Mjamzito na Walio Karibu Naye

Kasoro ya kuzaliwa ni hitilafu ya umbo au ya utendaji wa mwili ambayo mtoto huwa nayo tangu tumboni, iwe inaonekana siku ileile ya kuzaliwa, kama vile mdomo sungura, mgongo wazi na nyayo zilizopinda, au iwe imejificha, kama vile tundu la moyo, uziwi na udhaifu wa akili ambao huenda usitambulike hadi mtoto aanze shule. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, wawili au watatu huwa na kasoro kubwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto wapatao 240,000 hufariki kabla ya kutimiza siku 28 kwa sababu ya kasoro hizo. Nyingi kati yake hazina chanzo kinachojulikana, nyingine ni za kurithi, na nyingine hutokana na upungufu wa lishe au maambukizi kama rubela na kaswende. Zile zinazoletwa na pombe, dawa na kemikali ni sehemu ndogo tu, lakini ndiyo sehemu ambayo familia ina uwezo wa kuizuia. Jambo hili lafaa kusemwa mapema, kwa kuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto akizaliwa na kasoro huulizwa kwanza mama yake alikula nini, alimkosea nani au alilogwa na nani, ilhali mara nyingi mama huyo hakufanya lolote.

Kitu chochote kinachoingia katika mwili wa mjamzito na kuharibu umbo au utendaji wa kijusi huitwa teratojeni. Madhara yake hutegemea mambo matatu: ni kitu gani, kiliingia kwa kiasi gani, na kiliingia siku ipi ya mimba. Mwongozo huu unalikazia zaidi jambo la tatu, kwa sababu ndilo linalosahauliwa na wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya.

Hesabu ya siku

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ingawa yai hurutubishwa takriban wiki mbili baadaye. Achukuliwe, kwa mfano, mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Yai lake litarutubishwa karibu na tarehe 15 Machi, na hedhi inayofuata, aliyotarajia kuiona tarehe 29 Machi, haitakuja. Siku chache za kuchelewa hazimshtui mtu, na wanawake wengi husubiri wiki nzima au mbili kabla ya kununua kipimo cha mimba. Wakati huo tumboni kazi imekwisha kuanza: karibu na tarehe 6 Aprili moyo wa kiinitete, yaani mtoto katika hatua yake ya kwanza kabisa, huanza kupiga, na kufikia tarehe 12 Aprili mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kujifunga. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au hukosa sehemu kubwa ya ubongo na fuvu na asiishi. Mwanamke anayesubiri hadi mimba ionekane ndipo aende kliniki, kama ilivyo desturi ya wengi wanaoogopa macho ya watu, hufika wakati moyo, mikono, miguu, macho na masikio ya mtoto vyote vimekwisha kuumbwa.

Katika wiki mbili za kwanza baada ya kurutubishwa, kitu chenye madhara makubwa kwa kawaida huua kiinitete kabisa, na mwanamke huona damu ambayo huenda akaidhani ni hedhi iliyochelewa. Kikishindwa kuua, mara nyingi kiinitete hujirekebisha na kuendelea. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane ndicho kipindi cha kuumbwa kwa viungo, na ndipo kasoro kubwa za umbo hutokea. Baada ya hapo viungo hukua tu, isipokuwa ubongo, ambao huendelea kujengwa hadi siku ya kuzaliwa na hata baadaye. Ndiyo maana hakuna mwezi wa mimba ambao pombe inaweza kusemwa kuwa haina la kuharibu.

Ulimwengu ulijifunza hesabu hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1957 kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi na utulivu iliyoitwa thalidomidi, nayo ikasifiwa kuwa salama na ikatumiwa na wajawazito wengi kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Wakaanza kuzaliwa watoto wenye viganja vilivyoota karibu na bega, wengine bila mikono wala miguu, wengine bila masikio. Mwaka 1961 daktari Widukind Lenz huko Hamburg na daktari William McBride huko Sydney, kila mmoja kwa njia yake, waliihusisha dawa hiyo na kasoro zile, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeondolewa sokoni Ujerumani na Uingereza, watoto zaidi ya 10,000 wakiwa wamekwisha kudhurika. Marekani iliponea chupuchupu kwa kuwa mkaguzi mmoja wa dawa, Frances Oldham Kelsey, alikataa kuiidhinisha hadi aletewe ushahidi wa kutosha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya kurutubishwa, ambazo kwa mwanamke wa mfano wetu zingeangukia tarehe 4 hadi 20 Aprili. Nje ya siku hizo dawa ileile haikukata kiungo cha mtoto. Ndani yake, hata kidonge kimoja kiliweza kutosha.

Pombe

Pombe ndiyo teratojeni iliyochunguzwa sana na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, alieleza hali ya watoto 127 wa wazazi walevi, waliofanana kwa sura na kwa udhaifu kuliko walivyofanana na ndugu zao, lakini makala yake haikupata wasomaji wengi. Mwaka 1973 Kenneth Lyons Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona mambo yayo hayo na kuyapa jina la sindromu ya pombe kwa kijusi, sindromu ikiwa ni mkusanyiko wa dalili zinazokwenda pamoja. Mtoto mwenye sindromu hiyo huzaliwa mdogo na hubaki mdogo, kichwa chake huwa kidogo kuliko umri wake, mpasuo wa macho yake huwa mfupi, mdomo wa juu huwa mwembamba, na kile kijifereji kinachoshuka kutoka puani hadi mdomoni huwa kimesawazika kana kwamba kimepigwa pasi.

Sura hiyo huumbwa katika wiki chache za mwanzo, kwa hiyo mtoto ambaye mama yake alikunywa baadaye anaweza kuwa na uso wa kawaida kabisa na ubongo ulioumia. Watoto wa namna hii ni wengi kuliko wale wenye alama usoni, na shuleni hujulikana kwa majina mengine: mtukutu, mzito, mvivu. Anajifunza kujumlisha leo na kesho amesahau, hawezi kutulia kwenye dawati, anarudia kosa lililomchapisha jana kwa kuwa hauoni uhusiano kati ya kosa na adhabu, na akikua huwa rahisi kudanganywa na wenzake. Fimbo haimponyi, kwa sababu hakuchagua kuwa hivyo.

Namna pombe inavyofanya kazi si ngumu kueleweka. Hupita kwenye kondo la nyuma, yaani nyama inayompitishia mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama, na kwa muda mfupi damu ya mtoto huwa na kiwango cha pombe kinacholingana na cha mama. Ini la kijusi bado ni changa na haliwezi kuivunja pombe kama linavyofanya ini la mtu mzima, na sehemu yake hubaki katika maji ya uzazi ambayo mtoto huyameza tena, hivyo mama anapokuwa ameshaamka na kichwa chepesi, huenda mtoto bado amelewa. Seli za ubongo unaojengwa hufa, na zile zinazosafiri kwenda mahali pake hupotea njia.

Inakadiriwa kwamba kati ya wanawake 13 wanaokunywa wakiwa wajawazito, mmoja huzaa mtoto mwenye madhara ya pombe ya kiwango fulani. Takwimu hiyo inastahili kutafakariwa, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini ushuhuda wa majirani hauaminiki. Wanawake 12 watasema, tena kwa ukweli, kwamba walikunywa na watoto wao ni wazima, na yule wa 13 hatasimama mbele za watu kueleza yake. Hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mwanamke mapema kama yumo katika wale 12 au ndiye yule mmoja; chembe za urithi, lishe, umri na mtindo wa kunywa vyote huchangia. Kwa sababu hiyo kauli ya kwamba pombe kidogo haina neno haina msingi wa kitabibu, na kauli ya tiba ni moja: hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama katika mimba.

Tena neno "kidogo" halina kipimo. Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ya pombe huwa na takriban gramu 20 za pombe halisi, na hilo angalau limeandikwa kwenye lebo. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, busaa ya magharibi mwa Kenya, urwagwa wa Rwanda na Burundi na tembo la mnazi la pwani havina lebo, na ukali wake hubadilika kwa siku: tembo lililogemwa asubuhi huwa tamu, na lile lililolala huwa kali. Gongo, chang'aa na waragi wa kienyeji hukenekwa kwa moto, ni kali mara nyingi zaidi, na pengine huchanganyika na methanoli, pombe yenye sumu inayopofusha na kuua. Yapo maeneo ambako pombe ya nafaka huhesabiwa kuwa chakula, na mjamzito au mzazi hupewa ili apate nguvu na maziwa. Wanaompa wana nia njema, na ulezi kweli una madini ya chuma na chokaa, lakini virutubishi hivyo vimo vilevile katika uji wa ulezi, ambao haumdhuru mtoto.

Afrika ina mfano mchungu wa pombe kuwa desturi ya kazi. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo kwa vizazi kadhaa, kwa utaratibu ulioitwa dop. Utaratibu huo ulipigwa marufuku, ila unywaji uliojengwa nao haukuondoka, na uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za eneo hilo umekuta jamii ambamo zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi ana madhara ya pombe aliyoyapata tumboni, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa zaidi vilivyowahi kurekodiwa duniani. Lawama hapo haiwezi kumwangukia mwanamke peke yake.

Mwanamke aliyekunywa kabla ya kujua kwamba ana mimba anashauriwa aache siku hiyohiyo, amweleze mkunga bila kuficha, na asikate tamaa, kwa kuwa ubongo wa mtoto una miezi mingi ya kukua na kila siku isiyo na pombe ni faida kwake. Ushauri huu una kizuizi kimoja. Mtu anayekunywa sana kila siku, ambaye mikono hutetemeka na jasho humtoka asubuhi asipopata pombe, hapaswi kuacha ghafla akiwa nyumbani, maana anaweza kupata degedege la kumhatarisha yeye na mtoto. Huyo aende hospitali apunguziwe akiwa chini ya uangalizi. Mume naye ana sehemu yake, na sehemu hiyo si kukemea: kuacha kuleta chupa nyumbani kwa miezi tisa humsaidia mke kuliko hotuba.

Tumbaku, miraa, bhangi na unga

Tumbaku, iwe sigara, shisha au ugoro, hubana mishipa ya damu inayomlisha mtoto, na moshi wake huingiza hewa ya kabonimonoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Matokeo yake ni mimba kuharibika, mtoto njiti, uzito pungufu na hatari iliyoongezeka ya mdomo sungura. Mjamzito asiyevuta lakini anayelala chumba kimoja na mvutaji hupata sehemu ya madhara hayo. Miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi na imepigwa marufuku, nayo imehusishwa na watoto wenye uzito mdogo, na humwondolea mama hamu ya kula katika wakati ambao anahitaji kula zaidi. Bhangi husifiwa na baadhi ya watu kuwa huzuia kutapika. Kemikali yake hupita kwenye kondo, na watoto wa wanaoivuta huzaliwa wadogo zaidi. Kokeini inaweza kulibandua kondo la nyuma ghafla kabla ya wakati, na hapo mama na mtoto huweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya saa chache.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa nia njema inaweza kuua. Kinyume na dhana ya wengi, unga haujulikani sana kwa kukata viungo vya mtoto. Hatari yake kubwa iko kwenye arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa unapoikosa. Mjamzito anapopata arosto, mji wa mimba hujikaza, mtoto naye hupata arosto humohumo tumboni, na mimba inaweza kutoka au mtoto akafa. Kwa hiyo ndugu wanaomfungia binti chumbani ili aache kwa nguvu wanamweka mjukuu wao hatarini. Tiba inayokubalika ni methadoni, dawa ya maji anayopewa mtumiaji kila siku mbele ya mhudumu, ambayo huzuia arosto bila kumlevya na humwezesha kula, kulala na kuhudhuria kliniki. Huduma hiyo ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na baadaye ikafika Zanzibar na pwani ya Kenya. Mjamzito anayetumia unga aelekezwe huko kwanza, na aseme mapema kwamba ana mimba, kwa kuwa dozi yake huenda ikahitaji kubadilishwa miezi inavyosonga.

Dawa za dukani na za hospitali

Kuhusu dawa za kutibu, makosa ni mawili na yanapingana. La kwanza ni kumeza bila kuuliza. Mwanamke huingia duka la dawa, huomba kitu cha mgongo na cha mafua, muuzaji hukata vidonge vinne kwa mkasi, huvitia katika kibahasha kisicho na jina wala tarehe, na hakuna aliyetaja mimba kati yao. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa hivyo kila siku, zinapaswa kuepukwa kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na katika miezi mitatu ya mwisho huweza kufunga mapema mshipa wa moyo ambao mtoto huuhitaji akiwa tumboni. Parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza kwa homa na maumivu, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache. Tetrasaiklini na doksisaiklini, zilizozoeleka kama dawa za vidonda na kuhara, huweza kutia meno ya mtoto rangi ya manjano au kahawia isiyofutika. Streptomaisini ya sindano inaweza kumziba mtoto masikio yasisikie maisha yake yote. Isotretinoini, ambayo ni vidonge vya chunusi sugu, ni miongoni mwa dawa mbaya kabisa kwa mimba changa, kwa maana hupotosha uso, masikio, moyo na ubongo.

Vidonge vya misoprostoli, vinavyojulikana kwa matumizi yake hospitalini ya kuzuia damu baada ya kujifungua, hutumiwa pia kwa siri kutoa mimba. Mimba isipotoka, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu wa viungo au uso uliopooza, kama ilivyoonekana kwanza nchini Brazili. Aliyejaribu akashindwa asijifiche. Amweleze daktari ili mtoto achunguzwe kwa picha ya mawimbi ya sauti.

Kosa la pili ni kuacha dawa kwa hofu, nalo linaua vilevile. Mwenye kifafa anayeacha dawa anaweza kuanguka kwenye moto au maji, na degedege la mfululizo humnyima mtoto hewa. Ni kweli kwamba valproeti, moja ya dawa za kifafa, ina hatari kubwa: katika watoto 100 waliokutana nayo tumboni, takriban 10 huzaliwa na kasoro za umbo, ukiwemo mgongo wazi, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Jawabu lake ni kumwona daktari kabla ya kushika mimba ili abadilishe dawa taratibu, na aliyeshika mimba bila kutarajia aende upesi huku akiendelea kumeza. Hali ni hiyo kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hutumiwa na wanawake vijana waliowekewa vali za moyo baada ya kuugua homa ya baridi yabisi: katika wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba huharibu pua na mifupa ya mtoto, lakini kuiacha bila mbadala kunaweza kuziba vali na kumuua mama. Wenye shinikizo la damu wanaotumia enalaprili au kaptoprili huhamishiwa dawa nyingine, kwa sababu hizo hudhoofisha figo za kijusi.

Hofu ya aina hii iliwahi kuwagusa wanawake wengi wa Afrika. Mwaka 2018 watafiti nchini Botswana walitangaza kwamba watoto wachache wa akina mama waliokuwa wakitumia dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, walizaliwa na mgongo wazi na kasoro za namna hiyo, idadi ambayo hata hivyo ilizidi ile iliyotarajiwa, na nchi kadhaa zikawazuia wanawake kuipata. Utafiti uleule ulipoendelea na kufuatilia uzazi mwingi zaidi, tofauti hiyo ilipungua na hatimaye ikatoweka, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watu wote, wajawazito wakiwemo. Mjamzito anayetumia dawa za kufubaza virusi hana sababu ya kuziacha hata siku moja. Akiziacha, anamwachia mtoto njia ya kuambukizwa.

Malaria nayo haisubiri. Homa kali na vijidudu vinavyojaa kwenye kondo humuumiza mtoto kuliko dawa, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaruhusu dawa ya mseto, ile ya artemetha na lumefantrini, itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Dawa ya SP, ambayo hutolewa kliniki kwa ajili ya kukinga malaria, huanza baada ya miezi hiyo mitatu na hurudiwa kwa kuachana angalau mwezi mmoja.

Asidi ya foliki iko upande wa pili wa mizani: ni kirutubishi kinachosaidia mfereji wa ubongo na uti wa mgongo kujifunga. Kiasi cha mikrogramu 400 kwa siku kinahitajika kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au anayetumia dawa za kifafa huhitaji dozi kubwa zaidi kwa maelekezo ya daktari. Dozi hiyo ya miligramu 5 isimezwe kiholela, kwa kuwa hupunguza nguvu ya SP. Tanzania na Kenya zimeweka kanuni za kuongeza kirutubishi hiki katika unga wa ngano na wa mahindi unaotengenezwa viwandani, ila familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani haikipati, na ndizo familia nyingi za vijijini.

Mkorogo na dawa za asili

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kung'arisha ngozi, hausikiki sana katika mazungumzo ya ujauzito, na hilo ni pengo. Baadhi ya krimu na sabuni hizo huwa na zebaki, madini yanayopenya kwenye ngozi, kuumiza figo za mama na kumfikia mtoto. Dunia ilijua zebaki inavyoweza kumdhuru mtoto tumboni kutoka mji wa Minamata, Japani, ambako katika miaka ya 1950 kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, na akina mama waliokula samaki, wengine bila dalili yoyote wao wenyewe, wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, kali zaidi kwa ubongo kuliko ya kwenye krimu, lakini mkataba wa kimataifa wa 2013 unaobeba jina la mji huo uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa vipodozi vilivyotiwa zebaki. Vingali vinauzwa. Krimu isiyoonyesha viambato, au inayong'arisha ngozi ndani ya siku chache, isiguswe na anayetarajia mtoto.

Dawa za asili zisihukumiwe zote kwa pamoja, maana zinatofautiana kama mimea yenyewe. Tatizo ni kwamba kipimo chake hakijulikani, na zile za kuongeza uchungu hukaza mji wa mimba kwa nguvu isiyoweza kusimamishwa. Mkunga wa jadi anayempa mzazi dawa hiyo awaambie wahudumu wa kituo cha afya, hata kama atakemewa.

Siku ya kliniki na baada ya kujifungua

Anayepanga kushika mimba, au anayejua kwamba hatumii uzazi wa mpango na huenda ikaingia, ajihesabu kuwa mjamzito kila anaponunua dawa na kila anapokaribishwa kinywaji. Hedhi ikichelewa wiki moja, apime. Siku ya kwanza ya kliniki achukue mfukoni kila anachotumia: vidonge pamoja na karatasi zake, chupa za dawa za asili, na kopo la krimu, kwa kuwa jina lililosahauliwa haliwezi kuchunguzwa. Mhudumu naye ana wajibu wa kuuliza habari za pombe, sigara na dawa kwa kila mwanamke bila kubagua kwa mavazi wala dini, na kupokea jibu bila kuguna, maana anayekemewa mara moja hatasema ukweli mara ya pili.

Mtoto wa mama anayetumia unga au methadoni abaki hospitalini kwa siku kadhaa baada ya kuzaliwa, kwa sababu arosto yake, yaani kilio kikali kisichotulia, kutetemeka, kuhara na kushindwa kunyonya, huenda isianze hadi siku ya pili au ya tatu, na ya methadoni huweza kuchelewa zaidi; ikitambuliwa, hutibika. Madhara ya pombe katika ubongo hayana dawa ya kuyaondoa, lakini mtoto anayetambuliwa kabla ya kuanza shule, akapata malezi tulivu nyumbani na mwalimu anayefahamu hali yake, huendelea vizuri zaidi kuliko yule anayechapwa kwa kosa asilolielewa. Daktari hawezi kumtambua mtoto huyo kwa kumtazama tu usoni; anahitaji historia ya mimba. Kwa hiyo mama aliyekunywa aseme, na anayejaza kadi ya kliniki aandike kama alivyoambiwa, bila kupunguza kwa haya wala kuongeza kwa hasira.